Msimu uamuliwe uwanjani: barua ya wazi kwa viongozi wa ligi yetu ya vyuo

Kwa:
Kamishna wa Ligi,
Baraza la Marais wa Vyuo Wanachama,
Kamati ya Wakurugenzi wa Michezo.

YAH: UTABIRI WA KABLA YA MSIMU NA KANUNI ZA KUTENGANISHA TIMU ZILIZOLINGANA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu na heshima zangu. Mimi ni mzazi wa kijana anayecheza futiboli ya Kimarekani katika mojawapo ya vyuo vidogo vilivyo chini yenu, hapa Iowa. Barua yangu ya kwanza niliipitisha kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo chetu, kama utaratibu unavyotaka. Iliyofuata niliielekeza ofisi ya Kamishna. Nikajibiwa kwamba imepokelewa, na tangu hapo ni kimya. Msimu mpya unakaribia, makocha wataitwa tena kupiga kura za utabiri, na kanuni zilizotuumiza Novemba iliyopita ziko vilevile. Ndiyo maana nazungumza hadharani. Nakala ya Kiingereza mnayo. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wazazi wenzangu kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania walioko Des Moines, Cedar Rapids na kwingineko, ambao watoto wao huvaa helmeti kila Jumamosi, na wao wenyewe hukaa majukwaani bila kuelezwa na mtu yeyote namna bingwa anavyopatikana.

Jina la ligi sitalitaja, wala la chuo. Sitaki vijana wa timu nyingine wanyooshewe vidole kwa kanuni ambazo hawakuziandika.

Niwaeleze kwanza wasomaji tunazungumzia nini. Vyuo vyetu viko Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 1973. Chuo cha daraja hili hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya michezo. Msaada wa ada akipata, ameupata kwa alama zake za darasani au kwa kipato cha nyumbani kwao. Kikosi kimoja kinaweza kupita vijana 100, na wote hao wanaamka alfajiri kunyanyua vyuma, wanaingia darasani, jioni wanarudi uwanjani, hakuna anayelipwa senti. Wana mechi 10 za msimu wa kawaida, kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba. Baada ya hapo unakuja mtoano wa kitaifa, ambao bingwa wake hupatikana katika fainali iitwayo Stagg Bowl. Tangu mwaka 2024 mtoano huo unachukua timu 40. Kabla ya hapo, kuanzia 2005, zilikuwa 32. Bingwa wa kila ligi inayotimiza masharti huingia moja kwa moja, na sehemu kubwa ya nafasi 40 huishia hapo. Zinazobaki hugombewa na timu nyingine zote za nchi nzima. Kwa hiyo nani anaitwa bingwa wa ligi si suala la kombe la kuweka kabatini. Ndilo linaloamua nani anacheza wiki inayofuata na nani anavua sare. Na kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa daraja hili, kuvua sare kwa kawaida ni kuvua moja kwa moja. Ligi ya kulipwa haimsubiri.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Utabiri wa makocha unafanyika gizani

Kila mwaka kabla ya msimu, makocha wakuu wa timu zetu tisa hupanga wenzao kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja akiiacha timu yake mwenyewe. Ofisi yenu hujumlisha pointi na kutoa orodha. Tunachokiona sisi ni jumla tu. Hatujui nani aliiweka timu gani wapi, wala kwa kigezo gani. Kura zenyewe hupigwa kabla kambi hazijafunguliwa, wakati hata kocha mwenye timu hajajua vijana wapya watafika wakiwa na uzito gani na mbio gani. Kinachopimwa pale ni mwaka jana.

Mtaniambia utabiri haumpi mtu pointi hata moja kwenye msimamo. Ni kweli. Lakini ligi yenyewe ilipanga mechi za kurushwa mtandaoni kwa ubora wa juu kwa kufuata orodha hiyo, na timu yetu, iliyotabiriwa ya tano, ilisubiri hadi Oktoba. Kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari anayechagua chuo anaiona orodha hiyo kabla hajaona mechi. Redio za mji zinaisoma. Hata tuzo ya mchezaji bora wa wiki inapotangazwa, maelezo yake yanaanza na nafasi ambayo timu ilitabiriwa.

Na utabiri hukosea, tena vibaya, hata ukifanywa na watu wengi wenye kazi hiyo. Mwaka 2012 waandishi wa habari wanaopiga kura ya shirika la habari la AP waliiweka USC, timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, ya kwanza nchini kabla ya msimu. USC ilimaliza na ushindi 7 na vipigo 6, nje kabisa ya orodha. Tofauti ni kwamba kura za AP ziko wazi: kila mpiga kura anajulikana na orodha yake inasomeka. Aliyekosea anaulizwa. Kwetu hakuna wa kuulizwa, ingawa wapiga kura ni watu wenye maslahi ya moja kwa moja, maana kocha anayempandisha mpinzani wake juu anamwongezea mzigo, na anayemshusha anamchafulia jina mbele ya vijana wanaotafuta chuo. Simtuhumu kocha yeyote. Nasema tu kwamba mfumo wa siri hauwalindi hata makocha waaminifu.

2. Kanuni ya kutenganisha timu inawahukumu vijana kwa rekodi ya waliowatangulia

Hili ndilo linalouma zaidi, nami nitalieleza polepole.

Ligi yetu ina timu tisa na kila moja inakutana na nyingine zote. Novemba iliyopita timu tatu zilimaliza na ushindi 7 na kipigo 1. Sisi tuliifunga timu ya pili nyumbani kwao kwa tofauti ya pointi 4. Timu hiyo ya pili iliifunga ya tatu kwa pointi 1. Ya tatu ikatufunga sisi kwa pointi 3. Kila moja imempiga mwenzake na kupigwa na mwingine. Matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe hayatenganishi kitu, na matokeo dhidi ya timu nyingine sita hayatenganishi pia, kwa sababu zote tatu zilishinda mechi hizo zote.

Hapo kitabu chenu cha kanuni kinaruka moja kwa moja kwenye kile ambacho futiboli ya Marekani inakijua kama kanuni ya Rose Bowl (jina la mechi kubwa ya baada ya msimu): timu iliyoshiriki mtoano hivi karibuni zaidi inaondolewa. Sisi tulishiriki misimu miwili nyuma. Tukaondolewa. Zikabaki mbili, mkarudi kuangalia zilipokutana, na ya pili ikapewa tiketi kwa kuwa iliifunga ya tatu. Yaani aliyekwenda ni yule tuliyemshinda uwanjani kwake. Niliwashangilia vijana wale katika mtoano, walicheza kwa moyo, na hawakumdhulumu mtu. Kanuni ndiyo iliyodhulumu.

Fikirieni vijana walioondolewa. Wengi wa walioshiriki mtoano ule wa nyuma wamekwisha kuhitimu, wanafanya kazi, wengine wana watoto. Kiungo wetu mkuu wa mashambulizi (quarterback) alikuwa bado sekondari. Mwanangu alikuwa mwaka wa kwanza, hakuvaa hata sare siku ile. Alitazama kwenye simu bwenini kama sisi wengine. Halafu anaambiwa kwamba zamu yake ilikwisha kutumika na watu asiowahi kucheza nao.

Uamuzi ulitufikia Jumamosi usiku tukiwa bado kwenye maegesho ya uwanja wa ugenini. Kocha msaidizi alipigiwa simu, akaweka spika, akarudia sentensi kwa sauti kila ilipokatika ili walio nyuma wasikie. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi anabandua plasta za vidoleni. Anacheza mstari wa mbele, vidole vyake hufungwa viwiliviwili kabla ya kila mechi. Aliposikia neno "hivi karibuni zaidi" aliacha kubandua, akaniuliza: "Mama, kwani mwaka ule sisi tulifanya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, nami naamini hata ninyi hamna.

Mtazame kanuni hii na utabiri wa Agosti kwa pamoja, mtaona ni kitu kimoja. Vyote viwili vinachukua majina ya vyuo na kumbukumbu za miaka iliyopita, vinaviweka juu ya vijana waliopo sasa. Tofauti ni kwamba utabiri unaharibu sifa, kanuni inachukua msimu mzima.

Wala si jambo geni. Tarehe 24 Novemba 1973 Michigan na Ohio State zilitoka sare ya 10–10 mjini Ann Arbor, zote zikiwa hazijafungwa msimu huo. Wakati ule ligi yao ya Big Ten iliruhusu timu moja tu kwenda kucheza baada ya msimu, nayo ilienda Rose Bowl. Wakurugenzi wa michezo wakapiga kura, Ohio State ikapita kwa 6–4. Kiungo mkuu wa Michigan, Dennis Franklin, alikuwa amevunjika mfupa wa mtulinga katika mechi ile, na watu wengi waliamini jeraha lake lilipimwa kuliko mchezo wa timu. Michigan ilimaliza bila kupoteza mechi hata moja na haikucheza popote. Nusu karne imepita, watu wa Michigan bado wanalisimulia kwa uchungu.

Mwaka 2008 ilikuwa zamu ya ligi ya Big 12. Texas iliifunga Oklahoma 45–35, Texas Tech ikaifunga Texas 39–33, Oklahoma ikaifunga Texas Tech 65–21. Duara lilelile lililotukuta sisi. Kanuni yao ikapeleka suala kwenye orodha ya BCS, mfumo wa wakati ule wa kupanga timu bora za nchi, ambayo theluthi mbili zake zilikuwa kura za watu. Oklahoma ikapita kwenda fainali ya ligi, na Texas iliyokuwa imeifunga ikaikosa. Hizo ni ligi zenye pesa nyingi, kamera kila kona na mawakili. Kama huko kanuni dhaifu ilizaa kinyongo cha miaka, kwetu ambako kamera ni chache inazaa kitu kibaya zaidi: watoto wanaondoka wakiamini mchezo haukuwa wa kweli.

3. Kanuni zenyewe hazipatikani

Nilipoomba kitabu cha kanuni niliambiwa ni cha wakurugenzi wa michezo. Ukurasa niliousoma hatimaye nilioneshwa kwa hisani, si kwa haki. Na hata ukiusoma, sentensi yenyewe haijitoshelezi. "Kushiriki mtoano" maana yake ni kwenda kama bingwa wa ligi tu, au hata kwa nafasi za ziada? Msimu wa karibuni unahesabiwa tangu lini? Tafsiri ilitolewa kwa simu, usiku, na mtu mmoja, baada ya mechi kuchezwa. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Kanuni inayotafsiriwa baada ya matokeo kujulikana haiwezi kuaminika, hata aliyeitafsiri awe mtu mwadilifu kiasi gani.

4. Hatua ya mwisho ni kurusha shilingi, na haijaelezwa inarushwa wapi wala mbele ya nani

Mwaka 1988 huko Texas shule tatu za sekondari za eneo la Odessa na Midland zililingana, na nafasi mbili za mtoano zikaamuliwa kwa kurusha sarafu usiku wa manane. Watu walikesha wakitazama kwenye televisheni. Sipendi njia hiyo, lakini angalau kila mtu aliiona. Kanuni zenu hazitaji shahidi hata mmoja.

Majibu ninayoyatarajia

Najua mtasema kanuni ya zamu inasaidia vyuo vidogo kuonja mtoano, la sivyo timu mbili tatu zingetawala daima. Nia hiyo naiheshimu, maana katika daraja letu utawala wa wachache ni jambo halisi. Mount Union ya Ohio imechukua ubingwa wa taifa mara 13, na kati ya 2005 na 2014 fainali tisa kati ya kumi zilikuwa Mount Union dhidi ya Wisconsin–Whitewater. Lakini timu inayotawala kwa kushinda mechi zote hailingani na mtu, kwa hiyo kanuni ya zamu haiigusi kabisa. Inaowagusa ni sisi tunaofika pale mara moja moja, kwa jasho, na tunaadhibiwa kwa ile mara moja.

Mtasema pia kwamba tofauti ya pointi itawafanya makocha wawafunge wanyonge bila huruma. Jirani zetu wa Minnesota wanalijua hilo: Oktoba 2017 St. Thomas iliifunga St. Olaf 97–0, na Mei 2019 ligi yao ya MIAC ikatangaza kwamba St. Thomas itaondolewa. Sitaki tufike huko. Ninachopendekeza kinahesabu mechi za timu zilizolingana peke yake, tena kwa kikomo. Hakuna mnyonge atakayeguswa.

Na kuna jibu la tatu, kwamba timu nzuri iliyokosa tiketi ya ligi itaokolewa na NPI, kipimo ambacho NCAA ilianza kukitumia katika msimu wa 2024 kuchagua na kupanga timu. NPI ina sifa moja kubwa: inahesabu ushindi na ugumu wa wapinzani, haiulizi nani alitabiriwa nini wala nani alienda lini. Lakini ligi ndogo kama yetu, ambayo ratiba yake imejaa wenyewe kwa wenyewe, ina mechi mbili tu za nje za kupandisha kipimo hicho, na mechi hizo hupangwa miaka kabla. Kutuambia tutaokolewa huko ni kutusukumia mlango ambao kwetu hufunguka kwa shida.

Tunachoomba

Kwanza, kura za utabiri zichapishwe zote na majina ya makocha waliozipiga, hata kama ni baada ya msimu kwisha. Kama makocha hawataki hilo, utabiri wa ligi ufutwe. Magazeti yatabiri yakipenda. Na ratiba ya matangazo ya mtandaoni isipangwe kwa orodha hiyo, kila timu ipate zamu sawa.

Pili, kanuni ya kuondoa timu iliyoshiriki hivi karibuni ifutwe kuanzia msimu huu. Mahali pake iwekwe tofauti ya pointi katika mechi za timu zilizolingana zenyewe, ikikomea pointi 14 kwa mechi. Zikilingana tena, itumike NPI ya Jumapili inayofuata mechi za mwisho. Shilingi iwe ya mwisho kabisa, irushwe mchana mbele ya manahodha, na ioneshwe moja kwa moja.

Msidhani naomba kanuni ya kuibeba timu ya mwanangu. Pigeni hesabu ya Novemba kwa pendekezo hili: timu ya tatu ina jumla ya pointi 2 chanya, sisi 1 chanya, ya pili 3 hasi. Bingwa angekuwa timu iliyotufunga, sisi tungerudi nyumbani vilevile, na iliyopewa tiketi ingekuwa ya mwisho kati ya tatu. Mwanangu angelia usiku ule, lakini angejua ni pointi 3 zilizomtoa, pointi alizoziona zikiingia kwa macho yake.

Tatu, kanuni zote za kutenganisha timu ziwekwe kwenye tovuti ya ligi kabla ya mechi ya kwanza ya Septemba, kwa lugha inayosomeka, zikiwa na mfano wa timu mbili na wa timu tatu. Zisibadilishwe wala kutafsiriwa upya katikati ya msimu. Ikilazimika kutafsiriwa, ifanywe na watu watatu wasiotoka katika vyuo vinavyohusika, na sababu zao ziandikwe.

Nne, kila chuo kiwe na mtu wa kuwaeleza wazazi wapya mfumo huu mwanzoni mwa msimu. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, tumejifunza mchezo huu kwa kukaa jukwaani na kuuliza majirani. Niko tayari kukaa na mtu huyo na kuandaa maelezo ya Kiswahili bila malipo.

Wakurugenzi wa michezo hukutana kabla makocha hawajapiga kura. Naomba barua hii iwekwe kwenye ajenda ya kikao hicho, mzazi mmoja wa kila chuo aruhusiwe kuhudhuria, na majibu yenu kwa kila hoja yaje kwa maandishi kabla orodha ya utabiri haijatolewa.

Wenu katika ujenzi wa ligi,

Mama wa mchezaji wa mstari wa mbele, mwaka wa tatu,
Iowa, Marekani